Pasipoti ya nini, si AFCON ipo nyumbani?

Wiki iliyopita kaingia mteja wa tano mwezi huu kwenye ofisi yangu ya kupanga safari. Mzee wa maparachichi kutoka Tukuyu, kofia ya Taifa Stars, timu yetu ya taifa, kichwani, kakaa bila kukaribishwa. "Binti yangu, nipangie AFCON ya 2027. Mimi na vijana watatu, kuanzia makundi mpaka fainali." Nikamwomba namba za pasipoti. Kacheka mpaka kofia ikamshuka. "Pasipoti ya nini? Si ipo nyumbani?"

Shikamoo baba. AFCON hiyo, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ipo Kenya, Uganda na Tanzania. Nyumbani ni theluthi.

Na kabla hamjaniandikia hapo chini kuhusu kitambulisho cha NIDA: Wakenya, Waganda na Wanyarwanda walikubaliana tangu 2014 kuvuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa. Sisi hatukuingia. Ukifika Namanga na NIDA mkononi utapiga picha na bango, urudi Longido ukale nyama. Pasipoti ni 150,000, fomu unajaza mtandaoni, halafu unakwenda Uhamiaji. Basi.

Kinachonikera hasa ni kitu kingine, yaani ile imani kwamba timu mwenyeji inacheza kwake mpaka mwisho. Jamani, ratiba haifungi timu kwenye uwanja. Inafunga mechi. Mechi namba fulani ipo uwanja fulani, tarehe fulani, na atakayefuzu ndiye atakayeifuata huko iliko.

Mfano tunao, wala si wa zamani. CHAN ya Agosti 2025, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, iliandaliwa na nchi hizi hizi tatu. Stars ikawapiga Burkina Faso 2-0 kwa Mkapa, uwanja wa Dar, ikamaliza kundi, ikaletewa Morocco robo fainali hapo hapo kwa Mkapa, Ijumaa tarehe 22. Mji mzima wa Mbeya ulikuwa unahesabu nusu fainali ya Dar ya Jumanne tarehe 26. Nami nilihesabu. Nikashika vyumba kumi na vinne kwenye hoteli moja Dar, kwa malipo ya awali ambayo hayakurudi, na siwalaumu, mkataba nilisaini kwa mkono wangu. Tukafungwa 1-0. Lakini sikilizeni kinachouma zaidi: hata tungeshinda, vyumba vile vingekuwa takataka. Mshindi wa mechi ile alitakiwa Kampala. Morocco ndiyo iliyokwenda kucheza na Senegal kule Namboole, na nusu fainali ya Dar ikawa Madagascar na Sudan. Fainali Nairobi. Mchoro wa mtoano ulikuwa wazi kwa kila mtu. Mimi, mwenye kazi hii, sikuusoma. Niliusoma kwa moyo.

AFCON ni mbaya zaidi kwa mpangaji, kwa sababu timu ni 24 katika makundi sita. Wanapita wawili wa kila kundi, halafu timu nne bora kati ya sita zilizoshika nafasi ya tatu. Hizo nne zinaweza kutoka kwenye makundi kwa namna 15 tofauti, na kila namna ina jedwali lake la nani akutane na nani, kwa hiyo wapi. Ukimaliza wa tatu unakaa unasubiri makundi ya watu wengine yamalizike ndipo ujue unapanda gari la kwenda wapi. Msiniambie Stars haiwezi kuwa ya tatu. Kule Morocco, AFCON ya 2025, tuliingia 16 bora kwa mara ya kwanza kwa mtindo huo huo, na pointi mbili.

Sasa rudini kwenye zile siku nne kati ya robo na nusu fainali, Ijumaa mpaka Jumanne. Ukivuka kwenda Kenya au Uganda, wakati wa kurudi utaulizwa kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo inaanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano. Kumi, na wewe una nne. Hapo hakuna cha "nitaongea nao".

Barabara mnaijua kuliko mimi. Mabasi yanatembea usiku tangu 2023, lakini roli moja likilala mlima Kitonga, hesabu yako yote imelala nalo. Songwe kuna ndege, na kuna ukungu. Acheni siku moja nzima kabla ya mechi. Anayekwenda Kampala asipitie Dar: Iringa, Dodoma, Singida, halafu Kahama mpaka Mutukula. Kila mara kuna mtu anabisha.

Kama ni sahihi kuuza safari ya mtoano kabla ya makundi kuisha, kusema kweli bado sijaamua. Ninachofanya ni kupanga makundi kikamilifu, halafu mteja achague mechi moja ya mtoano kwa namba na uwanja, akubali kuitazama hata wakicheza Angola na Mali. Wengi wananuna. Wenzangu wanauza "fuata Stars mpaka fainali", na wateja wanahamia kwao. Labda wao ndio wanaojua biashara.

Mzee wa Tukuyu nilimchorea mchoro wote nyuma ya risiti. 150,000 mara nne aliipokea bila kukunja uso. Kwenye sindano ndiyo akakwama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kijana wake mmoja anaweza kuchomwa mbili.