Glaucus bin nani?

Ukikuta jina Glaucus katika hekaya za Kigiriki, usiendelee kabla hujauliza: bin nani, na alikufaje? Mimi hutegemea zaidi swali la pili, maana wasimuliaji wa kale walimpa mtu baba huyu leo na yule kesho.

Wako wanne wanaochanganywa, na wawili ni wa ukoo mmoja. Katika kitabu cha 6 cha Iliad, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy, Glaucus wa Lycia anamtajia adui yake Diomedes, shujaa wa Kigiriki, nasaba yake: Sisyphus alimzaa Glaucus, Glaucus akamzaa Bellerophon, Bellerophon akamzaa Hippolochus, baba yake. Kumbe jina ni la babu wa baba yake, jambo la kawaida hata kwetu. Huyu wa Lycia ndiye aliyebadilishana silaha na Diomedes, akatoa za dhahabu zenye thamani ya ng'ombe 100, akapokea za shaba za ng'ombe 9. Yule mkubwa, bin Sisyphus, aliraruliwa na kuliwa na farasi wake mwenyewe kwenye michezo ya mazishi ya mfalme Pelias.

Kazi ipo kwa wawili waliobaki. Glaucus, mtoto wa Minos mfalme wa Krete, alikuwa akimfukuza panya akatumbukia katika mtungi wa asali, akafa. Minos akamfungia mwaguzi Polyidus ndani pamoja na maiti: mfufue! Nyoka akatokea, Polyidus akamuua. Akaja nyoka wa pili na jani, akaliweka juu ya mwenzake, naye akafufuka. Polyidus akalichukua jani lile lile, mtoto akaamka.

Sasa msikie Glaucus wa nne, mvuvi wa Anthedon, kule Boeotia katika Ugiriki. Anaona samaki aliokwisha kuwavua wakigusa majani fulani na kupata uhai. Anayatafuna, anajitosa baharini, anakuwa mungu. Hapa wengi hushawishika kusema mvuvi na mtoto ni mmoja. Sikubali. Jani la uhai ni mali ya wasimuliaji wote, halithibitishi undugu.

Aeschylus, mtunzi wa tamthilia wa Kigiriki, naye ametuachia kazi. Aliandika tamthilia mbili, Glaucus wa Potniae (yule bin Sisyphus, wa farasi), iliyochezwa Athens mwaka 472 K.K., na Glaucus wa Baharini. Zote zimebaki vipande, na kwa Kigiriki Potnieus (wa Potniae) na Pontios (wa Baharini) hupishana kidogo mno. Kipande kikinukuliwa kwa jina "Glaucus" tu, natafuta ndani yake farasi au samaki.