Osmeteriumu: pembe za harufu za kiwavi

Mguse kiwavi wa kipepeo mkia-mbayuwayu, yule anayekula majani ya mlimau, uone. Ghafla nyuma ya kichwa chake hutokeza pembe mbili laini, zenye unyevunyevu, za rangi ya chungwa au nyekundu, zimeachana panda kama manati. Mara pua inapokea harufu kali ya uchachu. Kiungo hicho ndicho huitwa osmeteriumu.

Wengi huogopa kwamba pembe hizo huchoma. Hazichomi. Ni kifuko cha ngozi kinachokaa kimekunjwa ndani ya mwili. Kiwavi akishtuka, husukuma damu humo hadi kifuko kinapinduka nje, kama kidole cha glavu kilichopulizwa. Hatari ikipita, misuli hukivuta kikarudi ndani. Viwavi wa familia nzima ya vipepeo mkia-mbayuwayu, Papilionidae, yenye spishi zaidi ya 550, wanacho.

Cha ajabu zaidi, kwangu, ni harufu yenyewe, maana kwa viwavi wengi wa jenasi ya Papilio hubadilika na umri. Wachanga hutoa hasa terpeni, kemikali za jamii ileile inayofanya ganda la limau linukie. Akishajivua ngozi mara ya 4 na kuingia hatua ya mwisho ya ukiwavi, hutoa asidi, ikiwemo ya isobutiriki, na hapo uvundo hukolea. Hata vazi lake hugeuka: alipokuwa mdogo alikuwa kahawia mwenye baka jeupe, ungedhani ni kinyesi cha ndege, sasa ni kijani kama jani analolikalia.

Silaha hii huwashinda hasa sisimizi na wawindaji wengine wadogo. Kiwavi hupinda kichwa nyuma akajaribu kumpaka adui majimaji yake. Ndege hawaijali sana, ndiyo maana kiwavi hutanguliza kujificha, na pembe huzitoa akishaguswa.

Kipepeo aliyekomaa hana osmeteriumu. Mkia-mbayuwayu aitwaye Battus philenor wa Amerika Kaskazini hubaki na sumu ya mimea ya Aristolochia aliyoila utotoni, na ndege humkinai. Wengine wengi hutegemea ile mikia ya mabawa yao: ndege huvutwa adonoe ncha ya bawa badala ya mwili, bawa linachanika, kipepeo anaponyoka. Ndiyo sababu si ajabu kumwona mmoja akinyonya ua kwa utulivu huku mkia wake mmoja haupo.