Tanzania yako haishikani: pazo za mbao, jahazi na ule upenyo wa 0.15

Pazo ya kwanza niliyouza ilirudi siku ya tatu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alitaka ramani ya Tanzania ya mbao, kila mkoa kipande chake, watoto wapange wenyewe, nikamkatia safi nikapiga picha nikaweka stetasi, watu "fundi uko vizuri", mi kichwa kimevimba. Kumbe mwalimu akiinyanyua tu mezani mikoa yote chini. Alivyonirudishia alisema kwa upole kabisa, "Fundi, Tanzania yako haishikani." Nilicheka mbele yake, alipotoka nikakaa chini nikashika kichwa.

Shida ni kwamba nakata kwa mashine ya leza, na mi mwenyewe nilikuwa naiona leza kama kisu. Kisu kinatenganisha, leza inaunguza. Pale mwanga unapopita mbao inageuka moshi inaondoka na feni, kinabaki kinjia, na kwenye mashine yangu (ya tyubu ya CO2, wati 60) nikikata plaiwudi ya milimita 3 hicho kinjia (ndo naita upenyo) kina upana kama wa milimita 0.15. Mtu akisikia 0.15 anaona unamtania. Haya, sasa panda treni kichwani mwako: Kigoma, Tabora, Singida, Dodoma, Morogoro, Pwani, Dar. Umevuka mipaka 6, kila mpaka 0.15, tayari una 0.9, karibu milimita nzima ya kuchezacheza. Halafu mipaka ya mikoa haina vile vichwa vya kung'ang'aniana kama pazo za kawaida, ni mistari tu inayopindapinda, kwa hiyo hamna kinachomshika mwenzake.

Kujua upenyo wa mashine yako ni rahisi, usikariri wangu maana unategemea lenzi, fokasi, spidi na hata mbao yenyewe. Chora viboksi 10 vya milimita 10 kwa 10 vilivyopangana mstari mmoja, kata, visukume vikae pamoja bila nafasi, pima urefu wote na kalipa (kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo). Kichorwa ni milimita 100. Ukipata 98.5 ina maana imepotea 1.5, gawa kwa 10, jibu 0.15. Mi napima kila ninapoleta shehena mpya ya plaiwudi, na plaiwudi yenyewe naipima pembe zote nne maana ile inayoitwa "tatu" dukani nshawahi kuikuta 2.7 upande mmoja na 3.2 upande wa pili, shiti hiyohiyo moja.

Turudi kwa mwalimu. Akili ya kwanza ilikuwa nifidie, yaani kila mkoa niuchore mnene kidogo ili baada ya kuungua ubaki saizi yake. Inawezekana ila huwezi tena kukata mikoa yote kwenye shiti moja kwa mstari mmoja, inabidi ukate nakala mbili, mikoa mingine kutoka shiti hii mingine ile, nusu ya mbao unatupa. Nikafanya. Ikakaza kweli, ukiinyanyua haidondoki. Nikampelekea kwa mbwembwe zote. Masika ilipoingia akanipigia tena, watoto wameshindwa kuitoa Dodoma. Mbao imenyonya unyevu imevimba na ilikuwa haijapigwa vanishi, mikoa imebanana hata kwa bisibisi haing'oki!

Ndo nikaelewa kuwa ule upenyo niliokuwa naulaani mtoto anauhitaji, vidole vyake vinataka nafasi. Kilichokosekana ni sahani ya kuishika. Sasa hivi ramani zangu zote zinakaa ndani ya fremu yenye mgongo, shiti mbili zimegundishwa, ya juu ina shimo lenye umbo la nchi nzima, mikoa inadumbukia humo, na nakata kawaida bila fidia yoyote halafu napiga vanishi pande zote mpaka kingo. Na wala hilo wazo la ramani sio jipya. Miaka ya 1760 kule London John Spilsbury, kazi yake ilikuwa kuchonga ramani kwenye sahani za shaba, alibandika ramani kwenye ubao akaukata kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia. Huyo alitumia msumeno, na msumeno nao una upenyo wake, mpana kuliko wangu.

Kwenye modeli za kusimama mambo yanageuka kabisa. Mi natengeneza jahazi: mkuku (uti wa mgongo wa chombo) unapita katikati, mataruma (mbavu zake) yanachomekwa juu yake moja moja kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma, hakuna gundi mpaka mwisho. Pale ukiacha upenyo wa 0.15 taruma linalegea, yakilegea kumi chombo kizima kinalala ubavu kama mlevi. Kwa hiyo pale unafidia bila huruma. Mbao yako ikiwa 3.1 na upenyo 0.15, ule mfereji wa kuchomekea uchore 2.95, leza ikishaunguza unapata 3.1 kamili, na mi huwa nashusha tena mpaka 2.9 ili iingie kwa kusukuma na kidole gumba, isiingie yenyewe. Ukihitaji nyundo umezidisha. Kosa langu kubwa kwenye jahazi lakini halikuwa la vipimo, nilimwonyesha mzee mmoja fundi wa vyombo kule Bagamoyo nikitegemea sifa, akaligeuza geuza mkononi akaniuliza, "Mwanangu, mlingoti huu ni wa chombo cha wapi?" Nilikuwa nimeusimamisha wima kama nguzo ya umeme. Mlingoti wa jahazi unainamia mbele, kuelekea omo, ndo foromali (mti unaobeba tanga) na tanga vinakaa vizuri. Shikamoo na asante nikarudi kuchora mfereji upya kwa pembe.

Mafaili sasa. Hapa ndo watu wanateketeza mbao bila kujua sababu. Ukichukua ramani ya mikoa kwenye intaneti kila mkoa umechorwa kama umbo kamili linalojitegemea, ikimaanisha mpaka wa Morogoro na Dodoma umo mara mbili, mmoja wa Morogoro mwingine wa Dodoma, umelaliana huuoni kwa macho. Mashine haijui hilo, inapita hapo mara mbili, kingo zinakuwa mkaa na upenyo unapanuka, halafu unalaumu plaiwudi. Kwenye LightBurn (programu ya kuendesha leza) kuna amri ya kufuta mistari pacha, Alt+D, ila inafuta tu maumbo yanayofanana kabisa, kwa hiyo mikoa itenganishe kwanza iwe mistari mistari. Sasa wengi wanaanza na Inkscape (programu ya kuchorea) kurahisisha mistari (Ctrl+L) maana pwani ina vidoti maelfu na mashine inakuwa inasitasita kila kidoti na ikisitasita inaunguza, sawa, lakini ukirahisisha kabla hujafuta pacha kila mkoa unarahisishwa kivyake, mistari miwili inaachana kidogo na unapata vijiti vyembamba kama njiti kati ya mikoa. Futa kwanza, rahisisha baadaye. Kosa hilo lilinigharimu shiti mbili na usiku mmoja.

Mpangilio wa kukata: maandishi na michoro ya juu kwanza, halafu vitu vya ndani, mstari wa nje wa mwisho kabisa. Kipande kikishatengana kinaweza kushuka au kusogea, ukija kuandika jina la mkoa baada ya hapo linakaa upande.

Mbao gani? Plaiwudi nyepesi ya gundi ya kawaida ndo rafiki. Ile ya kustahimili maji yenye gundi nyeusi achana nayo, leza inahangaika mno kuipenya. Ukikuta kifundo ndani au ile puti ya kujazia matundu, mwanga haufiki chini hapo, unageuza shiti unakuta sehemu haijakatika. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) inakatika vizuri na kwa usawa ila moshi wake una fomaldehaidi na kingo zinaacha masizi kwenye vidole vya mtoto. Mninga unapendeza kwa kuchora majina. Mpingo watu wananiomba sana kisa heshima yake, nawaambia ukweli, ule ni mweusi tayari, nikiunguza nyeusi juu ya nyeusi utasoma nini? Kabla ya kukata bandika ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, moshi unaishia kwenye tepu, ukibandua mbao iko safi.

Kwa wenzangu wa Dar wenye tyubu ya CO2, joto la maji ndo adui yenu namba moja. Tyubu ni kioo, inapozwa na maji yanayozunguka, na maji yakikaribia nyuzi 30 nguvu inashuka na tyubu inazeeka haraka. Kile kipoozeo cha bei rahisi, CW-3000, ni rejeta na feni tu, hakiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba, na chumba chetu mwezi wa pili mnakijua. Mi nilianza na ndoo na chupa za maji zilizogandishwa kwenye friji la mama watoto, nabadilisha kila nusu saa, mpaka nikapata CW-5200 yenye kompresa ya ubaridi. Pampu ikisimama na wewe hujaona, tyubu inapasuka, basi.

Usalama sitarefusha. Usiache mashine ikikata peke yake hata ukienda kupokea simu, mbao inawaka. Miwani ya jua sio kinga. Hizi mashine ndogo za mwanga wa bluu zinaharibu jicho kwa ndani kabisa na zinataka miwani maalumu ya mwanga huohuo. Na mteja akikuletea "ngozi" ya bandia umchoree jina, uliza mara mbili, nyingi ni plastiki ya PVC, ikiungua inatoa haidrojeni kloraidi ambayo ikikutana na unyevu wetu wa pwani inakuwa asidi, inakula mapafu yako na reli za mashine pamoja.

Sasa swali ninaloulizwa kila wiki: mikoa ni 31, mbona pazo yako ina vipande 28? Ramani yangu ni milimita 400, hapo milimita moja ni kama kilomita 3. Mkoa wa Mjini Magharibi kule Unguja unatoka kama milimita 5, ukipiga chafya umeruka. Kwa hiyo Unguja nimeifanya kipande kimoja na Pemba kimoja, mipaka ya mikoa mitano nimeichora juu tu. Mafia nimeigundisha kwenye bahari, na wa Mafia mnisamehe. Watoto wa chini ya miaka 3 siwauzii hata wazazi wakinibembeleza, maana kipande chochote kinachoingia kwenye kipimo cha tundu la milimita 31.7 kinahesabika kinaweza kumkaba mtoto, na vyangu kadhaa vinaingia.

Bara tatizo ni Dar yenyewe. Inatoka kama milimita 12, saizi ya kifungo cha shati, na ndo ya kwanza kupotea kila nyumba, chini ya kochi, kwenye ufagio, nyingine kuku alidonoa. Mwalimu wangu yule yule ndo alinipa wazo. Kila boksi sasa hivi linatoka na Dar mbili.