Denis Irwin hakuwa beki wa mguu wa kushoto

Kwa kuwa alicheza beki ya kushoto ya Manchester United kwa miaka mingi, wengi huamini Denis Irwin alikuwa mtu wa mguu wa kushoto. Sivyo. Mguu wake wa asili ni wa kulia.

Mzaliwa huyu wa Cork alianzia Leeds, akaachwa mwaka 1986, akaenda Oldham. United ilimnunua mwaka 1990 kwa pauni 625,000, na mwanzoni alikuwa beki wa kulia. Alipofika Paul Parker, beki mwingine wa kulia, mwaka 1991, Irwin akahamia kushoto.

Kwa kawaida beki wa mguu wa kulia anayecheza kushoto hukwama: akifika karibu na mstari wa goli hulazimika kukata kurudi ndani ili apige kwa mguu wake, na muda huo mabeki wa timu pinzani hujipanga. Irwin hakuwa na tatizo hilo, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulitosha kabisa kupiga krosi akiwa mbioni. Wa kulia aliutunzia penalti na mipira ya adhabu. Magoli yake 33 katika mechi 529 za United yanaeleweka hapo.

Jingine: msimu wa mataji matatu, 1999, hakucheza fainali ya Kombe la FA. Alipewa kadi ya pili ya njano Anfield, uwanja wa Liverpool, kwa kupiga mpira baada ya filimbi, akafungiwa. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, iliyofanyika mjini Barcelona, alicheza, kushoto.