Mwanachama ana kura, lakini hapangi kikosi

Kuna imani ya miaka mingi kwamba klabu ikiwa mali ya wanachama, basi kocha anapaswa kupanga timu kwa matakwa yao. Mfano unaotolewa ni Ujerumani na kanuni yake ya 50+1. Kanuni hiyo inawapa wanachama wingi wa kura katika klabu. Kura hizo huchagua viongozi. Hazisemi nani aanze mbele. Barcelona nako wanachama humchagua rais, naye na bodi yake huajiri kocha.

Kuna klabu moja iliyokusudia kwenda mbali zaidi. Mwaka 2008, maelfu ya watu waliojiunga kwa intaneti, kila mmoja kwa pauni 35, walinunua sehemu kubwa ya Ebbsfleet United ya Uingereza, wakiahidiwa kura hadi ya upangaji wa timu. Kazi hiyo ilibaki kwa kocha Liam Daish, na Mei mwaka huohuo timu ikatwaa FA Trophy, kombe la klabu za madaraja ya chini, pale Wembley.

Sababu ya kumwachia kocha kazi hiyo ni ya kawaida kabisa. Shabiki huona dakika 90, na macho yake hufuata mpira. Kocha ameona wiki nzima ya mazoezi: nani ana msuli unaovuta, nani hajalala, beki gani anachelewa kurudi mpira ukipotea. Kelele za mtandaoni nazo ni za wachache wenye sauti kubwa, na hubadilika kila matokeo yanapobadilika.

Bei ya tiketi, rangi za jezi, kuhama uwanja: hapo shabiki asikilizwe kwanza.