Je, wajua kwa nini gari la kale lenye kilomita chache linaweza kuwa bovu kuliko lililotembea sana?

Gari la kifahari la zamani likitangazwa kuuzwa, kilomita hutajwa mapema. Rolls-Royce Silver Shadow ya 1972 yenye kilomita 18,000 huhesabiwa kuwa imetunzwa kuliko mwenzake wa kilomita 140,000, na bei hufuata hesabu hiyo. Lakini kilomita husema gari limetembea kiasi gani tu. Hazisemi lilikuwaje siku zote ambazo halikutembea, na gari lenye kilomita 18,000 katika miaka 50 limesimama karibu maisha yake yote. Tena mita za magari mengi ya zama hizo zina tarakimu tano tu: zikifika 99,999 hurudi kwenye sufuri. Karatasi za matengenezo zenye tarehe, zikiwa zimefuatana bila pengo la miaka, zina uzito kuliko mita.

Wenye magari hayo wanajua kwamba kusimama kunaharibu, kwa hiyo wengi huwasha injini kila wiki kwa dakika tano au kumi, kisha huizima gari likiwa palepale. Desturi hii inaaminika sana, nayo huharibu injini kuliko kuiacha kimya.

Sababu ni maji. Petroli imeundwa kwa kaboni na haidrojeni. Ikiungua, haidrojeni huungana na oksijeni, na lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa ekzosi yakiwa mvuke, lakini kiasi fulani hupenya kandokando ya ringi zinazoziba pistoni na kushuka kwenye sampu, yaani bakuli la chini ya injini ilimo oili. Fikiria sufuria iliyofunikwa na kubandikwa motoni. Mfuniko ukiwa bado baridi, mvuke unaougusa hugeuka matone na kudondokea humohumo; ukishapata moto, mvuke hutafuta upenyo na kutoka. Kuta za injini ndizo mfuniko huo. Anayezima baada ya dakika tano amezima mfuniko ukiwa baridi, na wiki ijayo ataongeza maji mengine juu ya yale ya wiki hii.

Maji hayo hukutana na masalia ya mwako, yakawa tindikali inayokula beringi, vyuma vinavyobeba mhimili unaozunguka. Chini ya kifuniko cha oili huonekana utando mzito wa rangi ya krimu. Utando huo peke yake hauthibitishi chanzo, kwa sababu gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji ya rejeta yasiingie kwenye oili, ikifa huleta dalili ileile. Fundi aangalie pia kama maji ya rejeta yanapungua.

Mercedes-Benz 300 SL ya 1954 hadi 1957, ile yenye milango inayofunguka kuelekea juu, ina ajabu yake ya ziada. Pampu yake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na hata swichi ikizimwa huendelea kupuliza mpaka injini itulie kabisa. Petroli hiyo haiungui. Huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha huteremka na kuipunguza uzito oili yenyewe. Safari ndefu huivukiza. Kuwasha na kuzima gereji huilimbikiza.

Kwa hiyo, gari liendeshwe barabarani dakika 30 hivi, mara moja au mbili kwa mwezi. Mshale wa joto usimdanganye mtu: kwa kawaida hupima maji ya rejeta, ambayo huwahi kupata moto kuliko oili. Kama safari haiwezekani, lisiwashwe kabisa. Oili na filta zibadilishwe kabla ya kulihifadhi, na lifunikwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa, si nailoni.

Breki nazo huzeeka gari likiwa limesimama, maana mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kwa mfano, kiwango cha mafuta hayo kiitwacho DOT 4 hutaka yachemke si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kima hicho cha chini hushuka hadi nyuzi 155. Hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halijasogea.

Gari lililolala miaka mingi halipigwi stata siku ya kwanza. Toa plagi zote, tia kijiko cha chai cha oili katika kila silinda, uache usiku kucha, kisha zungusha injini taratibu kwa spana kwenye boliti ya krankishafti, mhimili mkuu wa injini. Ikikwama, usilazimishe: huenda ringi zimeshikana na silinda kwa kutu. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani na petroli iliyolala tangini, weka mpya, kisha piga stata plagi zikiwa bado nje mpaka presha ya oili ionekane. Baada ya hapo ndipo plagi hurudishwa.