Jesse Owens Hakunyimwa Mkono na Hitler: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kila ninapofundisha historia ya michezo, sijamaliza hata kulitaja jina la Jesse Owens, mwanariadha mweusi wa Marekani aliyeng'ara katika Olimpiki ya Berlin, Ujerumani, mwaka 1936, mwanafunzi mmoja huwahi kueleza kwamba Hitler alikataa kumpongeza kwa sababu ya rangi yake. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi mno, hata kwa walimu wenzangu, na naona ni wajibu wangu kuisahihisha kwa maandishi, kwa kuwa inambebesha lawama zote mtu mmoja wa Berlin na kuwasitiri waliomfungia Owens milango katika nchi aliyozaliwa.

Ushauri wangu wa kudumu kwa wanafunzi ni kuanza na tarehe. Siku ya kwanza ya riadha, tarehe 2 Agosti 1936, Hitler aliwapongeza hadharani washindi wa Ujerumani na wa Finland, kisha akaondoka uwanjani kabla Cornelius Johnson, Mmarekani mweusi aliyeshinda kuruka juu, hajatunukiwa medali yake. Ikiwa yupo mwanariadha aliyedharauliwa siku ile, basi ni Johnson, ambaye wasimuliaji wa hadithi hii hawamtaji kabisa. Baada ya hapo rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Henri de Baillet-Latour, alimtaka Hitler ama awapongeze washindi wote ama asimpongeze yeyote hadharani, naye akachagua kutompongeza yeyote. Owens alishinda mbio za mita 100 kesho yake, tarehe 3 Agosti, kwa hiyo hakuna pongezi aliyonyimwa yeye peke yake. Tena yeye mwenyewe alisimulia kwamba Hitler alimpungia mkono. Kusema hivyo si kumtetea Hitler, maana Sheria za Nuremberg za mwaka 1935, zilizowanyang'anya Wayahudi uraia, zinatosha kumhukumu.

Dharau iliyomuuma Owens ilimngoja nyumbani. Alirudi Marekani na medali nne za dhahabu, za mita 100, mita 200, kuruka chini na mbio za kupokezana vijiti, lakini Rais Franklin Roosevelt hakumwalika Ikulu wala kumpelekea simu ya maandishi ya pongezi. Owens alilalamika waziwazi mwaka huohuo, alipokuwa akimpigia kampeni Alf Landon, mpinzani wa Roosevelt, akasema kwamba aliyempuuza ni rais wake na si Hitler. New York ilimwandalia gwaride, kisha alipokwenda kwenye hafla ya heshima yake katika hoteli ya Waldorf-Astoria ikambidi apande lifti ya mizigo. Hali hiyo haikuwa ngeni kwake. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Ohio State hakupewa ufadhili wa masomo, wala hakuruhusiwa kulala katika mabweni ya chuo, ingawa ni yeye aliyevunja rekodi tatu za dunia na kuifikia nyingine moja kwa muda wa dakika 45 hivi mjini Ann Arbor, tarehe 25 Mei 1935. Mruko wake wa mita 8.13 wa siku hiyo ulibaki rekodi ya dunia kwa miaka 25.

Wengine hudai kwamba Owens ndiye mtu mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki. Sivyo: John Taylor aliipata mwaka 1908 katika mbio za kupokezana, DeHart Hubbard mwaka 1924 katika kuruka chini, na Eddie Tolan mwaka 1932 katika mita 100 na 200. Wala hakuwa peke yake Berlin, kwa kuwa timu ya Marekani ilikuwa na wanariadha weusi 18, akiwemo Mack Robinson, kaka yake Jackie Robinson wa besiboli, aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Owens katika mita 200.

Wapo pia wanaoamini kwamba medali zile zilimtajirisha. Mara baada ya michezo Owens alikataa kuendelea na ziara ya mashindano iliyokuwa impeleke Sweden, na viongozi wa riadha ya ridhaa (isiyo ya malipo) wa Marekani wakamfungia. Bila ruhusa ya kushindana na wanariadha wenzake, na akiwa na familia ya kulisha, mwezi Desemba 1936 bingwa wa dunia nzima alikwenda Havana kukimbizana na farasi ili alipwe.